Sura ya Tano: Ukoo wa Paka wa Choma

Katika ghala moja la mpunga huko Choma, upande wa Igunga, kaskazini mwa mji wa Tabora, nilimkuta paka amelala juu ya gunia la juu kabisa, karibu na mabati, pale joto la asubuhi linapoanzia. Mwenye ghala, mama wa makamo, alikuwa akifagia chenga mlangoni.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu.

"Mwangaluka, baba. Karibu. Usimshtue huyo, ametoka zamu sasa hivi."

Alinionyesha gunia moja kuukuu alilolitundika ukutani kama ushahidi. Pembeni lilikuwa na matundu matatu, kila moja la ukubwa wa kidole gumba, na nyuzi zake zimekatwa safi kana kwamba kwa mkasi. Msimu mmoja kabla ya kumleta paka, alisema, alikuwa akiingia ghalani anasikia mpunga unachuruzika gizani. Sasa hasikii. Malipo ya mlinzi ni kiganja kimoja cha dagaa wa Mwanza kila jioni, na maji katika kifuniko cha ndoo.

Nilimuuliza paka ametoka wapi. Kwa jirani. Na wa jirani? Kwa shemeji yake, Nzega. Na wa Nzega?

Mama akaegemea fagio, akacheka. "Baba, sasa wewe unataka ukoo wa paka?"

Ndiyo, mayu, nautaka. Sisi wa Tabora tunazijua nasaba za watemi. Tunajua miembe mikubwa ya Tabora na Ujiji ilipandwa na watu wa misafara kutoka pwani, na mpunga wenyewe uliojaa ghala lile ulienea huku pamoja na Waarabu wa Unyanyembe. Paka peke yake hatujamuuliza alikuja na nani. Na ukimfuatilia nyuma kwa uvumilivu, anakutoa Choma, anakushusha pwani, anakupandisha jahazini, halafu anakukutanisha na maharamia.

Kwanza tuondoe kosa moja. Katika miombo yetu yuko kimburu, paka wa porini: rangi ya kijivu iliyochanganyika na hudhurungi, miguu mirefu, pete nyeusi kwenye ncha ya mkia, na wekundu nyuma ya masikio. Mchungaji akimwona kwa mbali hudhani ni paka wa kijiji aliyepotea. Kimburu dume humpanda paka jike wa nyumbani bila taabu, na watoto wao huishi. Hapo ndipo mtu anaposema paka wetu ni kimburu aliyezoea watu. Sivyo. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007, uliolinganisha paka na vimburu 979 kutoka mabara mbalimbali, ulionyesha kwamba paka wa nyumbani wanatokana na tawi moja tu la vimburu, lile la Mashariki ya Karibu, nchi za kale za ngano na shayiri. Mlinzi wa Choma ana binamu porini, lakini yeye mwenyewe aliletwa. Na kiumbe aliyeletwa lazima awe na njia aliyopitia.

Chombo cha majini ni sehemu ya njia hiyo tangu zamani sana. Kisiwani Cyprus wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita, mtu na paka wamezikwa karibu karibu. Cyprus haikuwa na vimburu wake, na bara lililo karibu liko kilomita kama 70 ng'ambo ya bahari. Paka hakuogelea. Kuna mtu aliyempakia, pengine katika kikapu, na kabla ya kuwepo mfalme yeyote unayemjua jina, paka tayari alikuwa abiria.

Miaka mingi baadaye, pwani ya Misri kwenye Bahari ya Shamu, kulikuwa na bandari iitwayo Berenike, ambako meli ziling'oa nanga kwenda Bara Hindi na kuteremka pwani zetu za mashariki mwa Afrika. Nje ya mji, katika karne ya 1 na ya 2 baada ya Kristo, watu walizika wanyama wao. Wachimbaji wamefukua zaidi ya 500, na wengi mno ni paka. Baadhi walizikwa na kola shingoni. Hawakufanywa maiti za kafara kama paka wa mahekalu ya Misri. Walizikwa kwa upole, kama mtu anavyomzika mnyama aliyemfanyia kazi akamzoea. Mji wa maghala, mji wa nafaka na viungo, ulikuwa na sababu nzuri ya kumpenda paka.

Sababu hiyo ina meno mawili ya mbele yasiyokoma kukua. Panya wa nchi yetu ni wa namna nyingi, lakini wawili ndio wanaotusumbua. Panya shamba ni mzaliwa wa Afrika; anachimba, anazaa kwa wingi mvua zikiwa nzuri, anamaliza mbegu kabla hazijaota. Panya wa darini, yule mweusi mwenye mkia mrefu kuliko mwili, asili yake ni Bara Hindi. Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja, mifupa ya panya huyu imepatikana katika tabaka za karne ya 7 na ya 8, pamoja na mifupa ya kuku. Kuku aliletwa kwa kutakwa. Panya alijileta.

Alijileta ndani ya ngama. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na baharia wa jahazi hahitaji kufafanuliwa maana yake. Ngama ni tumbo la chombo, chini kabisa, penye giza na maji yaliyovuja, na punje za mtama zilizopenya kati ya mbao. Nahodha hukaa tezi, kule nyuma. Serahangi yuko juu na mabaharia wake wanavuta foromali. Panya ana ngama yote kwa ajili yake, kwa wiki zote za kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kwa wiki zote za kusi za kurudi. Chombo kilichobeba mchele na tende kikikosa paka, mwenye mali hufika bandarini na magunia mepesi kuliko alivyoyapakia.

Wafanyabiashara wa Bahari ya Kati waliliona hilo hadi wakalitia katika sheria. Sheria za bahari za Barcelona za Zama za Kati, zilizojulikana kama Kitabu cha Ubalozi wa Bahari, zilisema mali ikiharibiwa na panya kwa sababu chombo hakikuwa na paka, mwenye chombo atailipa. Naona hiyo ndiyo kauli ya haki kuliko zote zilizowahi kuandikwa juu ya paka. Haimwiti mtakatifu wala mchawi. Inamtambua kuwa mfanyakazi ambaye kukosekana kwake kuna gharama.

Na hapa ndipo haramia anapoingia. Shehena ina harufu, na harufu hiyo huwavuta watatu: panya, paka na mnyang'anyi. Popote nafaka, nguo na pembe zilipokusanywa kwa wingi, hawa watatu walifika kwa njia ileile, tofauti ni siku tu.

Pwani yetu ilimjua haramia mapema. Nahodha na msimulizi wa Kiajemi, Buzurg bin Shahriyar, aliandika kwamba mwaka 945 watu wa nchi aliyoiita Waqwaq walifika kwa vyombo wakaushambulia mji wa Qanbalu, ambao wanahistoria wengi wanauweka Pemba, na kwamba walipora vijiji vya upande wa Sofala. Karne nyingi baadaye, mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19, Wasakalava na Wabetsimisaraka wa Madagaska walivuka kwa ngalawa zao hadi Komoro na hadi pwani yetu ya kusini. Mji wa Kua, kisiwani Juani huko Mafia, uliporwa na watu wake wakachukuliwa mateka. Magofu yake ya mawe ya matumbawe yapo hadi leo katikati ya miti.

Kati ya mashambulio hayo walipita maharamia wa Kizungu, wale wanaotengenezewa sinema. Makao yao katika bahari yetu yalikuwa Sainte-Marie, kisiwa chembamba pwani ya mashariki ya Madagaska. Adam Baldridge alifungua kituo cha biashara pale mwaka 1691: maharamia walileta nguo za hariri na fedha zilizoporwa Bahari ya Shamu, yeye akawauzia baruti na pombe kutoka New York. Mwaka 1695 Henry Every aliiteka meli ya mfalme wa Bara Hindi iliyokuwa ikirudi na mahujaji kutoka Makka, na hicho ndicho kitendo kilichoipa haki dunia ya Waislamu kuwalaani. William Kidd alipita Komoro mwaka 1697, akailaza meli yake ubavu huko Mwali ili ikwanguliwe na kuzibwa, na kwa muda mfupi akazika watu wake wengi kwa maradhi. Alinyongwa London mwaka 1701.

Watu hawa hawakuandika orodha za wanyama wao. Lakini fikiria jinsi walivyopata meli. Haramia hakuunda meli. Aliiteka. Mchana mmoja bendera inashushwa, nahodha wa zamani anafungwa kamba, masanduku yanavunjwa. Chini, ngamani, hakuna kilichobadilika. Panya ni walewale, mchele ni uleule, na paka aliyeajiriwa na mfanyabiashara wa Surat anaamka jioni ile akiwa paka wa maharamia, anashuka kazini kama jana.

Ushuhuda ulio wazi kuliko wote juu ya paka na watu wa aina hiyo unatoka bahari nyingine. Alexander Selkirk, baharia wa Scotland katika meli zilizopewa kibali cha kupora meli za Kihispania, aliachwa peke yake mwaka 1704 katika kisiwa cha Juan Fernández, mbele ya pwani ya Chile, akakaa miaka minne na zaidi. Alimweleza nahodha aliyemwokoa mwaka 1709, Woodes Rogers, kwamba usiku panya walikuwa wakimtafuna miguu na nguo. Panya hao walishuka kutoka meli zilizotia nanga pale. Paka nao walishuka kutoka meli hizohizo, wakawa wa porini. Selkirk aliwavuta kwa nyama ya mbuzi mpaka wakawa wanalala wamemzunguka kwa makundi, na panya wakakoma. Rogers alilichapa simulizi hilo mwaka 1712, kisha mwaka 1714 akafika Madagaska kununua watumwa na kuwachunguza maharamia waliosalia pale.

Madagaska hiyohiyo ndiyo inayoficha jibu lililo karibu zaidi na swali langu. Katika misitu ya kisiwa hicho wapo paka wakubwa wenye miili mirefu na milia kama ya chui milia mdogo, wanaowinda ndege na hata komba wa kule. Wenyeji huwatofautisha na paka wa vijijini. Madagaska haijawahi kuwa na wanyama wa jamii ya paka wa asili, kwa hiyo watafiti walijiuliza: hawa ni akina nani? Mwaka 2020 timu iliyoongozwa na Michelle Sauther wa Chuo Kikuu cha Colorado ilitoa majibu ya vinasaba vya paka 30 kutoka maeneo mawili ya kisiwa. Si vimburu kutoka bara. Ni wajukuu wa paka wa nyumbani, na ndugu zao wa karibu wako Kuwait, Oman, na katika visiwa vya Lamu na Pate.

Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilisimama nikatembea chumbani. Lamu! Wale paka wembamba wenye vichwa vidogo na miguu mirefu wanaongoja samaki gatini, ambao kila mgeni huwapiga picha, wana ndugu katika misitu ya Madagaska. Waliondoka ndani ya majahazi ya pepo za msimu, wakaruka bandarini wakati mchele unashushwa, wakapotelea msituni. Karne kwa karne vyombo vimepita vikazama, na masultani wa Pate wamezikwa. Njia yenyewe imebaki ndani ya damu ya paka.

Kuna paka mwingine wa bahari yetu ambaye hadithi yake siwezi kuipita. Aliitwa Trim. Alizaliwa melini mwaka 1799, chombo kikiwa safarini kutoka Rasi ya Tumaini Jema kwenda Australia, akasafiri na nahodha Mwingereza Matthew Flinders kuizunguka Australia yote. Mwaka 1803 Flinders alitia nanga Mauritius bila kujua kwamba Uingereza na Ufaransa ziko vitani tena. Mauritius ya wakati huo, kisiwa cha Wafaransa, ilikuwa ndiyo ngome ya Robert Surcouf na wenzake, maharamia wenye hati ya serikali waliokuwa wakiwinda meli za Waingereza. Flinders alizuiliwa pale hadi 1810. Paka wake alipotea. Flinders alimwandikia sifa ndefu, zenye mapenzi ya kweli, na akaeleza shaka yake kwamba Trim aliliwa na mtumwa mwenye njaa.

Leo Trim ana sanamu Sydney. Mimi nafikiria huyo mtumwa. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa hivyo vya Wafaransa, kila mmoja kwa piasta 20. Watu wengine walichukuliwa kutoka Msumbiji. Ikiwa shaka ya Flinders ilikuwa na ukweli, basi inawezekana kabisa mtu huyo alizaliwa ndani ya nchi hii, akatembezwa kwa miguu hadi Kilwa, akawekwa ngamani kama gunia, pamoja na panya. Paka ameandikiwa jina, mwaka wa kuzaliwa na sifa zake. Mtu ameandikiwa njaa tu. Maharamia wa bahari hii walinyongwa kwa kuiba hariri, ilhali kwa mzigo ule hakuna aliyeitwa haramia, kwa kuwa kulikuwa na mkataba.

Neno haramia limebeba haramu ndani yake, kwa hiyo anayelitamka anajipa mamlaka ya kuhukumu. Waingereza waliuita mwambao wa Ras al-Khaimah na Sharjah Pwani ya Maharamia, wakauchoma mwaka 1809 na tena 1819. Mwaka 1986 mtawala wa Sharjah mwenyewe, Sheikh Sultan bin Muhammad Al-Qasimi, alichapisha kitabu kizima kuukataa uvumi huo. Swali la nani anastahili jina hilo tunalo hata sisi wa bara, tena mlangoni kwetu.

Toka Bagamoyo panda na njia ya msafara. Kila mpagazi ana frasila mbili begani, kilo zaidi ya 30: kaniki, merikani, shanga, waya wa shaba. Mbele yuko kirangozi na ngoma. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi minne mwaka 1857 kutoka pwani hadi Kazeh, yaani Tabora. Ugogo hupiti bila hongo, na hongo wakati huo ilikuwa ushuru wa mtemi kwa maji na ardhi yake; maana ya rushwa tuliyonayo leo imekuja baadaye. Msafara ulikuwa jahazi la nchi kavu. Ulikuwa na shehena, ulikuwa na nahodha, ulikuwa na pepo zake za msimu, maana wapagazi wa Kinyamwezi walirudi kwao mvua za kulima zilipokaribia. Tabora ndiyo ilikuwa bandari: tembe za udongo zenye paa bapa la magogo, ua katikati, na vyumba vya kuhifadhia pembe, nguo na nafaka. Mnyamwezi wa kijijini alihifadhi mtama wake katika vilindo, yale mapipa makubwa ya magome ya mti. Paa la tembe ni dari lililotengenezwa kana kwamba kwa mpango wa panya. Na njia iliyoleta embe na mchele ndiyo njia iliyokuwa wazi kwa mnyama yeyote anayefuata gunia.

Mharibifu wa Tabora hakuwa panya peke yake. Mwandishi wa habari Henry Stanley alipofungua mizigo ya mmisionari Livingstone iliyolala Kwihara, karibu na Tabora, alikuta mchwa wameshafanya kazi, hata mbao za bunduki zimeliwa. Kwa mchwa, paka hana dawa.

Kwa Mirambo, hakuwepo hata askari mwenye dawa. Mwaka 1871 mtemi huyo wa Urambo aliusimamisha msafara uliokuwa ukienda Ujiji. Stanley anaeleza kwamba Mirambo alidai mapipa 5 ya baruti, bunduki 5 na robota 5 za nguo, akapewa, kisha akawaambia warudi walikotoka. Waarabu wa Tabora walitoka kumpiga mwezi wa Agosti, Stanley akiwa pamoja nao, wakavunjwa katika uvamizi wa nyasini. Tarehe 22 Agosti rugaruga, wapiganaji wa Mirambo, waliingia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakuu wa Waarabu, aliuawa, na sehemu ya mji ikateketea. Stanley alilazimika kuzunguka kusini, kupitia Ugunda na Ukonongo, ili afike Ujiji.

Katika maandishi yake ya mwanzo Stanley alimwita Mirambo jambazi wa njiani. Mwaka 1876 walikutana ana kwa ana, wakachanjiana udugu wa damu, na Stanley akashangaa kumkuta mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Hukumu yangu haijifichi. Mirambo alikuwa mtawala aliyeona mali ya ulimwengu inapita katika nchi yake ikienda kumtajirisha mwingine, akaweka mkono wake juu ya njia. Rugaruga wake waliua na kuchoma, na vijiji vya Wanyamwezi wenzake viliumia pengine kuliko tembe za Waarabu. Lakini ukimwita haramia, mwite hivyo na aliyekuwa akipitisha watu wenye minyororo shingoni katika njia ileile. Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884, na barabara haikupata tena mtu wa kuishika namna ile.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikauzika msafara. Na katika reli hiyo ilipita meli. Graf von Götzen, yenye urefu wa zaidi ya mita 70, iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikapandishwa treni Dar es Salaam, ikapita Tabora masanduku kwa masanduku, na kushushwa majini Kigoma Februari 1915. Nani angedhani Tabora ingeona meli ikipita kwa treni!

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeshaanza, na Waingereza nao waliamua kuleta vyombo katika Ziwa Tanganyika kupambana na Wajerumani, na hapa paka anarudi kwa mlango ambao sikuutarajia. Vilikuwa vimotaboti viwili vya mbao, vya futi 40 kila kimoja, vilivyotolewa London Juni 1915, vikasafirishwa kwa meli hadi Cape Town, vikapelekwa kwa reli hadi Katanga, vikakokotwa na ng'ombe na mashine za mvuke kuvuka milima ya Mitumba. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alipendekeza vyombo hivyo viitwe Paka na Mbwa. Makao makuu ya jeshi la majini yalikataa. Akapendekeza Mimi na Toutou, wakakubali. Ndipo akawafafanulia kwamba hivyo ndivyo watoto wa Kifaransa wanavyowaita paka na mbwa. Kwa hiyo chombo kilichosukumwa majini upande wa Kongo mwezi wa Desemba 1915, mbele ya watu wengi wanaosema Kiswahili, kilikuwa na jina ambalo Mfaransa alisikia paka, nasi tunasoma mimi.

Tarehe 26 Desemba Mimi na Toutou waliivizia meli ndogo ya Wajerumani iitwayo Kingani, wakaipiga kwa dakika kama 11, wakaiteka, wakaitengeneza, wakaibadilisha jina kuwa Fifi, wakaitumia vitani. Tarehe 9 Februari 1916 Waingereza waliizamisha meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann. Sainte-Marie ya Baldridge ingelitambua kila tendo katika orodha hiyo: kuvizia, kuteka, kupaka rangi upya, kubatiza jina jipya. Tofauti ni sare tu. Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe mwezi Julai, na tarehe 19 Septemba 1916 Tabora ikaangukia mikononi mwa jeshi la Wabelgiji. Waingereza waliiopoa meli ile mwaka 1924, ikaanza safari tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba, na wazee wengi wa Kigoma wameipanda.

Paka wa kweli wa melini, wakati huo, alikuwa akielekea mwisho wa ajira. Jeshi la majini la Uingereza lilipiga marufuku paka na wanyama wengine melini mwaka 1975. Bandarini siku hizi kamba za meli huvishwa sahani za bati ili panya asipande. Haramia bado yupo: mwezi wa Aprili 2009 Wasomali waliiteka Maersk Alabama, na shehena yake ilikuwa chakula cha msaada kilichokuwa kikipelekwa Mombasa. Nafaka tena.

Nilirudi Choma kabla ya kuimaliza sura hii. Mama alikuwa amepokea mpunga mpya, magunia yamepangwa hadi usawa wa dirisha. Paka alikuwa chini safari hii, ameketi mbele ya pengo kati ya gunia na ukuta, ameinamisha masikio mbele, mkia hautikisiki. Tulinyamaza wote wawili. Baada ya muda mrefu aliingiza mkono wa kulia katika pengo, taratibu, hadi begani, akautoa mtupu, akaendelea kungoja. Kwenye mbavu ana milia ya kijivu, miguu yake mirefu, kichwa kidogo.

"Umeupata ukoo wake?" mama akauliza.

Nilimjibu kwamba nimefika Lamu, nimefika Madagaska, lakini kipande cha Bagamoyo hadi Choma kinahitaji wenye maabara. Na wao nawaomba hapa hapa. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro, na wataalamu wake ni mabingwa wa panya; panya waliofunzwa pale wamenusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Wachukueni paka nao. Pamba kidogo ya mate kutoka kwa paka wa Bagamoyo, wa Mpwapwa, wa Tabora, wa Choma, wa Ujiji, ikalinganishwa na ile ya Lamu na Pate, itatueleza njia hii ilimleta nani na kutoka bandari gani. Mama wa Choma amesema milango ya ghala iko wazi kuanzia saa moja asubuhi, ila msije na mbwa.